Chonge Langu Lilipokataa Kufuata Trei

Usiku mmoja nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, mdomo wazi, tochi ya simu mkononi, nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Trei ya plastiki angavu ya kunyoosha meno niliyovaa juu ilikuwa imekaa sawasawa kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Kwenye chonge la kushoto, kati ya ncha ya jino na plastiki, palikuwa na uwazi mwembamba uliopinda kama mwezi mwandamo. Niliikandamiza trei kwa kidole gumba, uwazi ukafumba. Nilipoachia, ukarudi. Nilikuwa nimefika trei ya 11 kati ya 26, na kwa jinsi nilivyokuwa naliona, chonge lile lilikuwa limebaki trei ya 7 au ya 8.

Mimi ni mtangazaji wa redio. Nilianza safari ya kunyoosha meno nikiwa na miaka 33, umri ambao watu wengi hudhani mambo hayo yameshapita. Meno yangu ya juu yalipandana tangu yalipoota. Chonge la kushoto lilikuwa limezunguka karibu digrii 40, hata mtu akinitazama usoni alikuwa anaona ubavu wa jino hilo, na jino la jirani yake lilikuwa limesukumwa nyuma likajificha. Tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa nacheka kwa kufumba mdomo au kwa kuweka mkono mbele. Watu wakiniambia redio haionyeshi meno, nawajibu kwamba siku hizi studio nyingi zina kamera, na kwamba hata zisingekuwepo, mtu huishi na mdomo wake saa zote, si zile za kazini peke yake.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda ilinipokea vizuri. Walinipitishia kifaa kama kalamu nene mdomoni, na baada ya dakika chache meno yangu yalikuwa kwenye skrini, ya rangi ya kijivu, yakizunguka hewani. Kisha wakanionyesha filamu fupi: meno yanaanza yalivyo, yanasogea, yanajipanga. Nililitazama chonge langu likigeuka kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Nilipata uchungu wa furaha kooni. Halafu nikaulizwa swali moja tu: unataka vifaa vinavyoonekana au visivyoonekana?

Ukimuuliza mtu mwenye aibu ya miaka 20 swali la namna hiyo, jibu unalo kabla hajafungua mdomo. Nilichukua trei angavu, alaina kama wanavyoziita. Hakuna aliyenipiga picha ya eksirei ya mataya. Hakuna aliyenipima fizi. Na mimi sikuuliza hata mara moja kama plastiki inaweza kuligeuza jino la aina ile. Niliamini filamu. Leo najua kwamba filamu ile huonyesha pale ambapo kompyuta imepanga meno yafike, na kwamba jino lenyewe halijaulizwa.

Jinsi meno yanavyosogea nilikuja kuelezwa baadaye sana, na daktari wa pili, aliyechukua karatasi na kunichorea. Jino halikushikamana na mfupa moja kwa moja. Linaning'inia ndani ya shimo lake kwa nyuzinyuzi ndogo sana, tabaka lenye unene wa takribani milimita 0.2. Ukilisukuma jino polepole bila kuacha, upande linakoelekea seli za mwili huanza kumeng'enya mfupa, na upande linakotoka seli nyingine hujenga mfupa mpya. Kwa hiyo jino huhama pamoja na makazi yake. Taya halijui kama linasukumwa na plastiki au na chuma. Kazi ya ndani ni ileile. Kinachotofautiana ni namna kifaa kinavyolishika jino, na muda kinaoushikilia mshiko huo.

Kila trei hutengenezwa kwa umbo la mahali ambapo jino halijafika bado, kama robo milimita mbele. Unaivaa, inabana, jino linaifuata, wiki moja au mbili baadaye unavaa inayofuata. Mpango huu hufanya kazi vizuri sana kwa meno yanayohitaji kuinamishwa kidogo mbele au nyuma, au kufungwa mianya midogo. Chonge ni jino la mviringo. Ukitaka kuligeuza kwa plastiki ni kama kugeuza mshumaa kwa vidole vyenye mafuta: mkono unazunguka, mshumaa unabaki. Ndiyo maana hugandishiwa kinundu kidogo cha rangi ya jino ili trei ipate pa kushika. Mimi nilikuwa na kinundu kimoja. Hakikutosha.

Lakini kosa halikuwa la kinundu peke yake, na hapa lazima niseme ukweli wote.

Trei zinatakiwa zivaliwe saa 20 hadi 22 kwa siku. Unazivua ili kula, kunywa kitu chochote kisicho maji, na kupiga mswaki. Nilipoelezwa nilitikisa kichwa kwa kukubali, nikaona ni jambo jepesi. Siku ya kwanza nilipokaa mbele ya kipaza sauti nikiwa nazo, nikasoma sentensi ya kwanza ya taarifa ya habari, nilisikia kwenye visikizi sauti ya mtu mwingine. Kila "s" ilikuwa na upepo. "Z" zilikuwa zinavuma. Jaribu kutunga habari ya Kiswahili isiyo na s, z wala sh uone utafika wapi: serikali, uchaguzi, mashirika, msimu, usalama, kesi, hata salamu yenyewe. Ulimi umezoea kugusa nyuma ya meno ya juu na kukuta jino, sasa unakuta ukuta wa plastiki.

Nilifanya mazoezi nyumbani, nikisoma magazeti kwa sauti kila usiku. Baada ya wiki mbili hivi ulimi ulizoea, na nilipojirekodi tofauti ilikuwa ndogo mno. Tatizo ni kwamba ndani ya wiki hizo mbili nilikuwa nimeshajenga tabia ya kuzivua kabla ya kila taarifa. Nilikuwa nasoma taarifa nne kwa zamu. Nikizivua kwa ya kwanza, naziweka kwenye kijaluba chake, najiambia ya pili iko karibu, kwa nini nihangaike kuzirudisha. Ongeza chakula. Ongeza kikombe cha kitu cha moto ninachopenda kukinywa kidogokidogo saa nzima. Siku moja nilichukua kalamu nikajumlisha kwa uaminifu, nikapata saa 15. Siku nyingine 16. Na kila nilipoulizwa kliniki nilikuwa nasema 20. Sikukusudia kudanganya. Nilikuwa nataja saa nilizoazimia kuvaa asubuhi, si zile nilizovaa hadi usiku.

Jino haliwezi kudanganywa kwa maneno. Likiachiwa saa nyingi bila kubanwa, zile nyuzinyuzi hulivuta kurudi lilikotoka. Unapovaa trei tena, nusu ya nguvu inatumika kurudisha ulichopoteza. Ukibadilisha trei kwa tarehe badala ya kwa jinsi inavyokaa, upungufu unaongezeka trei baada ya trei, hadi usiku mmoja unaona mwezi mwandamo kwenye kioo.

Mtayarishaji wa vipindi tunayefanya kazi pamoja ndiye aliyenielekeza kwa daktari bingwa wa mpangilio wa meno aliyekuwa akimtibu yeye. Ni mama wa makamo, mtulivu, asiye na haraka ya kusema. Kabla ya kuzungumzia waya au plastiki alichukua kijiti chembamba chenye alama za milimita, akawa anakigusisha kati ya fizi na kila jino huku msaidizi wake akiandika namba. Kisha akanituma eksirei inayoonyesha mataya yote mawili kwa picha moja. Aliporudi aliniambia fizi zangu za mbele chini zinavuja damu na kuna ukoga umejificha chini yake. "Dada yangu," akasema, "hatusogezi jino hata moja mpaka fizi zipone. Ukilisogeza jino kwenye fizi yenye ugonjwa unapoteza mfupa, na mfupa huo haurudi."

Nilisafishwa, nikafundishwa kutumia uzi wa meno upya kama mtoto, nikasubiri wiki sita. Nilikasirika moyoni. Si kwa sababu ya kusubiri, bali kwa sababu nilikuwa nimevaa trei miezi mitano juu ya fizi zile na hakuna mtu aliyezitazama.

Siku niliyorudi aliniuliza, "Kwa siku unavaa saa ngapi? Niambie za kweli, sitakugombeza." Nikamwambia 15 au 16. Akaandika bila kunitazama usoni, jambo ambalo nilimshukuru kwalo. Kisha akaniambia kwamba hata ningevaa saa 22 chonge hili lingetusumbua, kwa sababu limezunguka sana na lina mzizi mrefu kuliko jino lolote mdomoni.

Alinipa njia mbili. Ya kwanza, kupimwa upya na kutengenezewa trei nyingine zenye vinundu zaidi, pamoja na vipira vya kuvuta jino, kwa sharti la kuvaa saa zote. Ya pili, waya usiovuliwa hadi mwisho wa matibabu kwenye meno ya juu peke yake, huku meno ya chini, ambayo yalihitaji marekebisho madogo, yakiendelea na trei. Sikujua kama inawezekana kuchanganya. Kumbe ni jambo la kawaida. Muda wote nilikuwa nawaza kama mtu aliyesimama kwenye njia panda, na wala haikuwa lazima nichague moja.

Kisha akafungua droo akanionyesha kitu ambacho sijakisahau. Alitoa kipande cha waya chenye umbo la upinde wa meno, akakipulizia kitu cha baridi, akakikunja kwa vidole kikakunjika kama uzi. Akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Waya ukajinyoosha wenyewe, kwa mshtuko mdogo, ukarudi kuwa upinde kamili. Nikamwomba arudie. Akarudia. Akanieleza kwamba ni mchanganyiko wa nikeli na titani, ambao sifa yake ya kukumbuka umbo iligunduliwa kwenye maabara ya silaha za jeshi la majini la Marekani, ndiyo maana unaitwa Nitinol, yaani nikeli, titani na herufi za kwanza za jina la maabara hiyo (NOL), na kwamba katika miaka ya 1970 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa ndiye aliyeuingiza kwenye tiba ya meno. Unafungwa kwenye meno yaliyopinda ukiwa umepinda nayo, halafu joto la mdomo linaukumbusha umbo lake. "Huu," akasema, "hauhitaji ukumbuke chochote. Ukilala unafanya kazi. Ukisoma taarifa ya habari unafanya kazi."

Nikachagua waya.

Siku ya kuwekewa, meno yalikaushwa na kupakwa jeli ya asidi ya fosfori kwa sekunde chache ili gundi ipate kushika. Tone dogo lilinigusa ulimi, chachu ambayo sijawahi kuonja mfano wake. Breketi zangu, vile vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye meno ili vishike waya, zilikuwa za kauri, rangi karibu na ya jino, zikagandishwa moja moja kwa taa ya bluu. Mwisho waya ukapitishwa. Haukuuma hata kidogo pale kitini. Maumivu yalianza saa tatu au nne baadaye, yakafika kileleni siku iliyofuata. Si maumivu ya kuchoma, ni uzito, kana kwamba kila jino limekuwa kubwa kuliko shimo lake, na ukigusanisha la juu na la chini unajuta. Siku tatu nilikula vitu laini. Siku ya tano nilisahau.

Vidonda ndani ya shavu vilikuwa na adha zaidi. Unapewa nta, unakata kipande kidogo, unakifinyanga kwa vidole mpaka kilainike, unakibandika juu ya breketi inayokwangua. Wiki mbili tatu hivi shavu linakomaa. Ncha ya waya nyuma ya magego iliwahi kunichoma nikapigia simu kliniki usiku, wakaniambia nitie nta nisubiri asubuhi. Wakaikata kwa dakika moja.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni sauti. Siku ya pili niliketi studioni nikisubiri kusikia tena yule mtu mwingine kwenye visikizi. Nikasoma. Sauti ilikuwa yangu. Breketi zinakaa mbele ya meno, upande wa midomo, na ulimi hufanya kazi yake nyuma. "S" zangu zilitoka safi. Kifaa nilichokikimbia kwa sababu kinaonekana ndicho kilichonirudishia kazi yangu, na kile nilichokikumbatia kwa sababu hakionekani ndicho kilichokuwa kinasikika. Mwimbaji, mwalimu, mkalimani, mtu yeyote anayekula kwa ulimi wake, ningemwomba alifikirie hili kabla ya kufikiria kioo. Na kuhusu kamera, wiki ya kwanza wenzangu waliuliza. Wiki ya pili hakuna aliyeuliza tena.

Usafi ndio gharama halisi ya waya. Trei unaivua, unapiga mswaki kama siku zote, unapitisha uzi, basi. Ina hatari yake pia, maana ukinywa kitu chenye sukari ukiwa umeivaa, sukari inafungiwa juu ya jino kama maji kwenye mfuko. Lakini waya unadai dakika 15 kila usiku. Mswaki wa kawaida kwa pembe, juu ya breketi na chini yake. Mswaki mdogo mwembamba kama sindano, wa kuingia chini ya waya. Uzi unaopitishwa kwa kitu kama sindano ya plastiki, jino kwa jino. Dawa ya meno yenye floraidi, bila kusukutua sana baada yake. Daktari alinionyesha picha ya meno ya kijana mmoja siku alipotolewa breketi, jina limefichwa. Meno yamenyooka kama mstari, na katikati ya kila jino kuna kijimraba safi, palipokuwa na breketi, kikizungukwa na weupe wa chaki. Madoa yale ni mwanzo wa kuoza, madini yametoka kwenye enameli, tabaka gumu la nje la jino, na yanaweza kuanza kuonekana ndani ya wiki nne tu za kuacha utando ulale kuzunguka breketi. Nilikuwa naiona picha ile kichwani kila nilipotaka kulala bila kusafisha.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, kabla sijafungua macho vizuri, ulimi wangu ulipita kwenye chonge la kushoto ukakuta uso bapa. Kwa miaka yote pale palikuwa na kona. Nililala nikipitisha ulimi mahali pale, kwenda na kurudi, mpaka kengele ya saa ikalia.

Mwezi wa sita nilianza kuomba nitolewe. Meno yalionekana yamenyooka. Daktari akakataa. "Wewe unatazama taji," akaniambia, "mimi natazama mzizi." Nyaya za mwanzo ni za mviringo na nyembamba, zinacheza kidogo ndani ya mfereji wa breketi, kazi yake ni kupanga sehemu ya jino inayoonekana. Baadaye huja waya wa chuma wa pembe nne unaojaza mfereji ule, na huo ndio unaoshika jino kiasi cha kuamuru mzizi ulale wapi ndani ya mfupa. Jino lenye taji lililonyooka na mzizi uliolala kombo halitulii. Nikavumilia miezi mitatu zaidi. Jumla ilikuwa miezi tisa, na meno ya chini yalikuwa yameshamaliza trei zake zamani, kwa sababu safari hii nilivaa saa zote, nikiwa na daftari la kuandika kila nilipovua.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nazisema vibaya trei. Yule mtayarishaji mwenzangu alikuwa na meno ya mbele chini yaliyobanana kidogo. Alipewa trei 14, akamaliza kwa miezi saba, matokeo mazuri kabisa. Haongei hewani, hivyo kithembe hakikumsumbua, na ni mtu wa utaratibu: anakula, anapiga mswaki, anavaa, dakika 30, kila mlo. Kwa meno yake na kwa tabia yake zilikuwa chaguo sahihi. Ninachokiogopa ni trei zinazotumwa nyumbani kwa mtu ambaye hajawahi kufungua mdomo mbele ya daktari, hajapigwa eksirei, hajapimwa fizi. Mimi nilikuwa na kliniki na kiti na watu wenye makoti meupe, na bado fizi zangu hazikutazamwa. Mtu aliye peke yake na kisanduku cha plastiki atajuaje?

Watu wakiniuliza sasa, na wananiuliza sana, siwaambii cha kuchagua. Nawaambia wamuulize daktari ni jino gani kati ya yote litakalokuwa gumu kusogea, na kifaa anachopendekeza kitalishikaje jino hilo. Atanyoosha kidole au atababaika. Kisha wamuulize atafanya nini jino hilo likigoma katikati ya safari, na kama hatua hiyo imo ndani ya makubaliano au ni ya kulipia upya. Na wao wenyewe, wiki moja kabla ya kuamua, waandike kila mara wanapotia kitu mdomoni kisicho maji. Karatasi hiyo itawaambia mengi kuliko filamu ya kwenye skrini.

Mwaka jana kaka yangu alinipigia simu kuhusu binti yake wa miaka 13. Chonge lake la juu limeota juu kabisa ya fizi, karibu na pua, na kaka alitaka amchukulie trei ili watoto wenzake wasimcheke. Nilimsihi ampeleke kwanza kwa bingwa akapigwe eksirei. Jino lililo juu namna ile linahitaji kuvutwa kushuka, na plastiki ni hodari kusukuma kuliko kuvuta. Daktari akasema hivyohivyo: waya. Kaka alinyamaza muda mrefu kwenye simu, akawa anahofia atamwambiaje mtoto. Mtoto akachukua simu mwenyewe.

"Shikamoo shangazi. Eti ni kweli vile vipira vya kwenye breketi mtu anachagua rangi?"

Nikamwambia ni kweli. Akachagua kijani na zambarau, akaanza kuhesabu siku. Hofu ya meno kuonekana ilikuwa yetu sisi wakubwa. Usiku wa kwanza alinitumia ujumbe kwamba yanauma. Nikamweleza habari ya siku ya tano, na nta, na jinsi ya kuifinyanga.

Mimi sasa nina waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno ya mbele chini, kutoka chonge hadi chonge, na kwa meno ya juu nina riteina, kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, ya plastiki ya kuvaa usiku. Zile nyuzinyuzi za fizi huchukua hata mwaka mzima kujipanga upya baada ya jino kugeuzwa, na kabla ya hapo zinavuta kurudi kama mpira ulionyongwa. Daktari amenishauri niivae kila usiku bila kuweka mwisho. Riteina hiyo ni trei isiyosogeza jino. Trei za leo zilizaliwa kutokana na kitu kama hicho: Zia Chishti, akiwa amemaliza kunyoosha meno utu uzima na kupewa riteina angavu, aliwaza kwamba ikiwa plastiki moja inaweza kulizuia jino, mfululizo wa plastiki unaweza kulipeleka mahali, na mwaka 1997 yeye na Kelsey Wirth wakaanzisha kampuni ya kutengeneza trei za Invisalign.

Mwezi uliopita nilisafiri nikaisahau nyumbani kwa usiku sita. Niliporudi niliivaa kabla hata ya kufungua begi. Kila mahali ilikaa kwa urahisi, isipokuwa upande wa kushoto, pale kwenye chonge, ambako ilinibana mpaka machozi yakanilenga. Nilichukua tochi nikaenda kwenye kioo. Hapakuwa na uwazi. Nikalala nayo, na asubuhi ilikuwa imelegea.